Rangi ya Behewa la Babu

Chumba cha uani,
Nyumbani.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea kwanza salamu zangu kabla sijazichanganya na maneno mengine. Mgongo unaendeleaje, bado unakukamata ukiamka asubuhi? Na hiyo baridi ya huko, ni kweli mnavaa soksi mpaka kitandani? Watoto hawajambo? Yule mdogo ameacha kunyonya kidole, au mmeamua kumwachia?

Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Mama kikohozi kimemwacha, sasa anasema peke yake jikoni kama zamani, kwa hiyo tunajua amepona. Baba yuko safarini na lori lake, atarudi na uchovu wake na kelele zake. Mimi mzima. Babu naye mzima, na huyo ndiye nitakayemwandika sana, maana najua ndiye unayemtaka.

Ungependa nipige simu, lakini mimi na simu unatujua. Uliponiuliza mara ya mwisho, "Babu amekubali kupasuliwa macho au hajakubali?" nikakujibu, "Salama tu, Shangazi." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa na jibu, ila lilikuwa refu na wewe ulikuwa unasubiri. Kwenye karatasi hakuna anayesubiri. Uvumilie mwandiko, shule unajua niliishia wapi.

Tangu mligombana kwenye simu, Babu alijifunga. Hakutoka hata barazani. Ukipiga anasema, "Mwambieni nimelala," na kikombe cha chai kiko mkononi. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yote mawili, akawa anaona mwanga wa mlango tu na vivuli vinavyopita. Sisi tulikuwa vivuli. Daktari wa macho alishatuambia akizidi kukomaa kazi itakuwa ngumu, tusikae sana. Na Babu anajibu lile lile, "Hivi nilivyo naona mwanga. Wakikosea, hata huo nimeukosa." Nani atamwambia anaogopa bure? Mimi singeweza.

Sasa sikia ilivyoanza. Unaikumbuka ile picha ya karakana ya reli, Babu na wenzake wamesimama mbele ya behewa la abiria, yeye wa mwisho, kofia imelala upande? Kioo chake kilipasuka nikaipeleka kazini kuibadilishia kingine, maana sisi watengeneza fremu za picha vioo havitupi shida. Nilipokuwa naifuta vumbi nikaona kitu juu ya paa la behewa. Vitu kama vibakuli vimefunikwa, vimepangwa mstari. Picha haina rangi na wenzake Babu wamejaa mbele, lakini vile vibakuli vinaonekana. Nikashinda navyo kichwani siku nzima.

Jioni nikamuuliza, "Babu, juu ya behewa kuna vibakuli. Vya nini?"

Akaegemeza kichwa ukutani. Nikajua amelala kweli safari hii. Kisha akasema, "Vinavuta hewa chafu itoke, na mvua isiingie. Treni ikikimbia vinapiga mluzi. Kila behewa na mluzi wake. Mimi nilikuwa nalijua behewa nililolitengeneza hata nikiwa nimefumba macho." Akacheka kidogo. "Sasa nimefumba kweli."

Shangazi, zile zilikuwa sentensi nyingi kuliko alizosema wiki nzima.

Kesho yake nikauliza milango inafungukia wapi. Kesho kutwa nikauliza viti. Halafu maswali yakaniishia. Mtu huwezi kuuliza kitu ambacho hujui kama kipo. Ndiyo nikaanza kulijenga behewa lenyewe, dogo, ili nipate cha kuuliza. Ukishika plaiwudi na kisu, maswali yanakuja yenyewe. Ukuta huu unaishia wapi? Dirisha linashuka au linafunguka nje? Mwenye safari ndefu anaweka wapi mzigo?

Vifaa sikununua, nimeokoteza. Kuta ni ile plaiwudi nyembamba ya nyuma ya fremu. Paa nimepasua bomba pana la maji machafu kwa urefu, likatoa mgongo ule ule wa behewa. Vioo vya dirisha ni plastiki ngumu tunayoweka kwenye picha za bei ndogo. Wavu wa kuwekea mizigo juu ya viti nimekata mfuko wa vitunguu, Mama akabaki anautafuta. Magurudumu ni washa kubwa, zile pete za chuma za chini ya nati, nilizozisaga ukingo kwa tupa, zimepita kwenye spoki za baiskeli, na springi za chini nimezitoa kwenye kalamu. Kama unashangaa kwa nini kalamu hii inaandika kwa kurukaruka, ndiyo hiyo.

Vipimo ndiyo vilikuwa kichekesho. Babu hana kipimo kingine isipokuwa mwili wake. "Kiti ni shubiri zangu mbili kutoka sakafuni." "Dirisha linaanzia hapa," anajigusa chini ya kifua. "Mlango, napita na sanduku la vifaa begani bila kuinama." Tukakubaliana shubiri moja ya Babu iwe upana wa ukucha wangu wa kidole kidogo. Behewa zima likatoka refu kama mkono wangu kuanzia begani. Mama akauliza, "Na ukikata kucha?" Nikamwambia ndiyo maana sikati.

Na kwa kuwa haoni, kila kitu ilibidi kikubali kuguswa. Hapo nimejifunza kitu, Shangazi. Jicho unaweza kulidanganya kwa kuchora mstari ukasema huu ni mlango. Kidole hakidanganyiki. Kwenye ukuta wa nje nilivisha bati la kopo la soda, akapitisha kidole chini ya madirisha, akasimama. "Hapa pana upara. Ribiti ziko wapi?" Zile ribiti ndogo zinazoshika bati, safu nzima. Nikabandua, nikazipiga moja moja kwa nyuma kwa sindano butu mpaka zikavimba upande wa mbele. Akapitisha kidole tena, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akarudia.

Sasa nikueleze kosa langu, maana bila kosa hilo nisingekuwa na barua.

Wakati wote ule Babu alikuwa anakaa kitandani na mimi kwenye stuli, tunatazamana. Naita kutazamana, yeye alikuwa anaelekeza uso tu. Akawa anaeleza kwa mikono. "Unaingia kwa mlango wa upande wa choo, sawa? Korido inakwenda huku," anainua mkono, "na vyumba vya abiria viko huku." Mimi naangalia mikono yake, naweka korido pale ninapouona mkono. Nikajenga kuta za ndani zote, viti vyote, milango midogo ya kusukuma, choo na sinki lake. Siku ya kumkabidhi nikalitoa paa, nikamwekea mapajani.

Akaingiza kidole kwa mlango wa choo. Akakunja kuingia kwenye korido. Kikagonga ukuta.

Akarudi nyuma, akaingia tena. Kikagonga.

Mzee Filimbi alikuwepo. Unamkumbuka, yule gadi wa treni aliyekuwa akipuliza filimbi mpaka mbwa wa mtaa wanalia. Huyo anakuja kila alasiri kugombana na Babu, ndiyo dawa yao. Akasema, "Nini, umepotea kwenye behewa lako mwenyewe?"

Babu akasema, "Mjukuu wangu, umenijengea behewa la kwenye kioo."

Sikuelewa. Nikalibeba mpaka kazini, nikalisimamisha mbele ya kioo kikubwa kinachongoja mteja. Na kweli, lile la ndani ya kioo ndilo lilikuwa behewa la Babu, korido mahali pake, vyumba mahali pake. Mkono wake wa kulia uliponijia mimi niliyekaa mbele yake ulikuwa upande wangu wa kushoto. Yeye haoni kama niko mbele yake au pembeni. Mimi ninayeona ndiye nilipaswa kuligeuza kichwani, na sikugeuza.

Mama alisema, "Si uligeuze tu, mbele kuwe nyuma?" Jaribu na kiatu, Shangazi. Cha kushoto hata ukigeuze vipi hakiwi cha kulia. Ukiligeuza behewa, korido inahama na choo nacho kinahama, unarudi pale pale. Nilikaa nikalizungusha mezani kama mwehu, nikitumaini kuna mzunguko ambao sijaujaribu. Haupo. Nikabomoa kuta za ndani nikaanza upya.

Lakini tangu siku ile sikukaa tena kwenye stuli. Nilihamia kitandani, bega kwa bega na Babu, wote tunaelekea ukutani, ili huku kwake kuwe huku kwangu. Na unajua mimi nikiangaliwa usoni ulimi unakauka, hata na mtu asiyeona. Pale pembeni yake maneno yakawa yanatoka. Tulikuwa tunakaa kama abiria wawili, mikono inafanya kazi mapajani, tunaongea. Dirisha likitakiwa lishuke kwa mkanda, tunatafuta mkanda. Aliniuliza mambo yangu pia. Hayo nitakuandikia siku nyingine, mengine ni ya kike na sitaki Mama asome.

Behewa likakamilika, likabaki rangi tu. Na hapo ndipo moto ulipowaka.

Mzee Filimbi akasema, "Kijani. Nimepanda hayo mabehewa ujana wangu wote."

Babu akasema, "Ulikuwa unapanda mkia, ndugu yangu. Gari la gadi ndilo kijani. Mabehewa ya abiria hayakuwa kijani hata kidogo."

"Basi mekundu," Mama akapiga kelele kutoka jikoni. "Treni zote ni nyekundu."

"Wewe umeziona kwenye kalenda!"

Nikamuuliza Babu, ilikuwa rangi gani? Akafungua mdomo, akaufunga. Akasema haikuwa njano. Haikuwa maziwa. Haikuwa mchanga, ingawa mchanga ulikuwemo. Ilikuwa na kitu kama wekundu kwa mbali, lakini ukisema nyekundu umeua. Nikaenda kuchanganya kwenye vikopo, nikapaka vibao, nikamletea vitatu. Nilivyo mjinga. Akavishika, akavipapasa, akavinusa.

"Vyote ni laini," akasema. "Umepaka vizuri."

Hata Mzee Filimbi alinyamaza, na huyo huwa hanyamazi hata msibani. Ribiti alizipata kwa kidole, korido aliipata kwa kidole, lakini rangi kidole hakiijui. Babu akaviweka vile vibao kitandani, akasema kwa sauti ndogo, "Nikiiona nitaijua."

Mimi nilikuwa pembeni yake, natazama ukuta. Nikasema, "Basi nenda ukaione."

Sijui ilitokea wapi, Shangazi. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Sote tulijua nimesema nini. Maneno yale yale wewe uliyasema kwa nguvu, Baba akayasema kwa hasira, daktari akayasema kwa upole. Nikangoja anifukuze.

Babu akaniuliza, "Na wakikosea?"

Nikamwambia, "Sijui, Babu." Nikavikusanya vile vibao. "Lakini behewa siwezi kulipaka kwa kubahatisha. Nimeshabahatisha korido."

Akalivuta behewa, akapitisha kidole kwenye zile ribiti, safari nzima mpaka mwisho na kurudi. Halafu akasema, "Filimbi, wewe macho yako yalifunguliwa na daktari gani?"

Kumbe Mzee Filimbi alishafanyiwa, jicho moja, na hakuwahi kutuambia, alikuwa anasoma magazeti kwa siri, Babu anamsikia akifunua kurasa, huku anajidai mwenzake Babu katika giza! Walitukanana mpaka jua likazama. Mimi nafikiri alificha kwa huruma, ili rafiki yake asijione ameachwa kituoni peke yake. Lakini sikusema.

Tulikwenda sote. Daktari akashangaa, akamuuliza Babu nini kimembadilisha mawazo. Babu akajibu, "Nina behewa halijapakwa rangi." Daktari akanigeukia mimi taratibu. "Mzee anajielewa?" Mzee Filimbi akasema, "Hajawahi kujielewa, mama, wewe mpasue tu."

Alipoitwa ndani alinishika mkono. Nilifikiri ataniachia mlangoni, hakuniachia, nesi ndiye aliyetutenganisha. Mkono ulikuwa wa baridi. Nilikaa kwenye benchi la korido na sikufikiria rangi tena. Nilifikiria kwamba nikikosea mimi sasa, hakuna kubomoa nikaanza upya.

Siku ya kufunua jicho, daktari alitoa kifuniko polepole. Babu akapepesa, machozi yakamtoka, akainamisha kichwa. Tukangoja. Akainua uso, akaniangalia mimi. Akaniangalia sana mpaka nikaona aibu nikatazama viatu.

"Kumbe ndiwe wewe," akasema. "Una masikio ya bibi yako. Pole sana."

Mama alilia pale pale, kwa sauti, watu wa foleni wakafikiri tumepata habari mbaya.

Nyumbani hakutaka hata chai. "Lete behewa." Nikaleta. Alilikagua kwa lile jicho moja kama hakimu. Shangazi, vidole vyake vilikuwa na adabu kumbe, jicho halina. "Hii gundi imemwagika. Mlango huu umelala. Hiki choo hata panya haingii." Kisha akalisogeza mpaka dirishani, akachungulia ndani ya korido kutoka upande wa choo mpaka mwisho wake. Alichungulia muda mrefu. Sikumuuliza alikuwa anaona nini.

Nikampa vibao. Cha kwanza, "Hapana." Cha pili, "Hapana." Cha tatu akacheka, "Hii ni rangi ya kuta za hospitali, nimetoka huko." Nikachanganya vingine. Hapana. Nikaongeza wekundu. "Umeua."

Asubuhi iliyofuata nikakuta kitanda kitupu. Mama naye hajui. Nikatoka mbio na kandambili zisizofanana, nikamkuta nje ya duka la vigae, mkono mmoja ukutani, anabishana na mwenye duka. Ameshika kigae. "Ya huku chini," anamwambia, "pale palipopata jua. Nivunjie kipande." Alikuwa amekwenda peke yake, Shangazi, mpaka kona ya pili, mtu ambaye barazani tulikuwa tunampeleka kwa kumshika.

Sasa ndiyo kazi yake. Anatoka akishakunywa chai, Mzee Filimbi anamfuata nyuma kumpinga. Anarudi na mfuniko wa kopo, kifungo, ganda la yai, kipande cha kitambaa alichoomba kwa fundi cherehani. Anavipanga dirishani. "Hii imekaribia. Hii imezidi maziwa. Hii ni yenyewe lakini imevunjika moyo." Jana alimsimamisha mama mmoja njiani akamtazama viatu, nusura wapigwe. Akarudi anacheka, miguu yote vumbi.

Jicho la pili amemwambia daktari mwenyewe, bila kuulizwa, apangiwe tarehe. Amesema jicho moja linaona rangi upande upande. Sidhani kama ni kweli, lakini daktari alinyamaza na mimi nikanyamaza.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, amekubali. Na ukipiga simu sasa atapokea, usiogope. Ana aibu na wewe kidogo kwa ule ugomvi, ataanza kwa kukuuliza hali ya hewa. Usimkumbushe.

Ila nina ombi, na ndilo lililonikalisha chini niandike. Wewe ulikuwa unampelekea chakula karakana ukiwa msichana, ulipita katikati ya yale mabehewa kila mchana. Babu ameshakumbuka hilo. Juzi alisema, "Mwanangu yule lazima anaijua." Atakuuliza. Na mimi nafikiri unaijua kweli, labda umeiona sasa hivi ulipokuwa unasoma. Tafadhali, Shangazi. Akikuuliza, mwambie umesahau.

Nisalimie watoto wote, na huyo wa kidole zaidi. Msalimie na jirani yako anayekusomea vibao vya mabasi ya kwenda hospitali, nimesahau jina lake la utani. Mama anakusalimu, anasema ule mfuko wa vitunguu anakudai wewe kwa kuwa mimi ni damu yenu. Mzee Filimbi anasema kijani. Babu hajui kama nakuandikia, yuko nje anaitafuta rangi yake.

Mungu akutunze huko uliko, akuponye mgongo na miguu, na siku moja akurudishe kwetu mchana, Babu akuone unavyoingia mlangoni.

Nikupendaye daima, mtoto wa kaka yako,
Kimya